Mgeni Rasmi Afungua Maji Makaani

Mabibi na mabwana, mliokaa mbele na mliosimama nyuma, mliokuja kwa hiari na mlioletwa kwa malori, itifaki imezingatiwa! Ambaye cheo chake hakikutajwa asinune, ajihesabu ametajwa. Makofi kidogo tafadhali. Kidogo, jamani! Mengine tuyaweke akiba, maana habari hii ina wakubwa wengi.

Mimi naitwa Chereko Mkumbwa, mshereheshaji wa sherehe zote za serikali katika Jamhuri ya Mwinuko. Nchi yangu naipenda mpaka koo linakauka. Kama hujawahi kufika, pole sana. Kwetu kila kitu kinapanda. Mavuno yanapanda, heshima inapanda, bei ndiyo usiseme. Wimbo wetu wa taifa huanza kwa sauti ya juu, kisha hupanda, na ubeti wa mwisho tunaufungulia midomo tu kwa sababu hakuna anayeufikia. Neno "kushuka" tumelifuta. Mkwezi akishamaliza kuangua nazi hutangaza kwamba sasa anapanda kuelekea ardhini, na watu humpisha.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Makaani. Chini yake palikuwa na makaa ya mawe, meusi, mazuri, na Shirika la Makaa la Taifa likayachimba kwa bidii ambayo niliisifia mwenyewe kwenye sherehe nyingi. Walichimba chini ya soko, wakachimba chini ya shule, wakachimba chini ya makaburi ya watu waliokufa wakichimba. Walipomaliza wakaondoka na mashine zao, wakaacha kibao cha shukrani.

Mtu wa kwanza kuona jambo alikuwa Bi Havijawa. Huyu ni mama ntilie aliyekuwa akiwapikia wachimbaji maharage, na maharage yake, wallahi, ukiyala unasahau hata jina la mama mkwe wako. Siku moja sufuria lake lilianza kumwagikia upande mmoja. Akayalaumu mafiga, akayapanga upya. Likamwagikia upande uleule. Akamlaumu mumewe, marehemu, aliyeyaokota mafiga yale. Halafu sahani za wateja zikaanza kuteleza mezani, anayeagiza wali akala ugali wa jirani yake, pakawa na ngumi. Shuleni timu iliyocheza upande wa juu ilifunga mabao bila kugusa mpira. Mvua ikinyesha, maji yote ya wilaya yalikuja Makaani kama wageni wa harusi, wakati wa kuondoka hakuna aliyeondoka.

Basi wazee kwa vijana wakaenda wizarani wakasema, "Mheshimiwa, ardhi yetu imeshuka."

Mheshimiwa Daktari Sufiani Lukwambe, Waziri wa Usawa wa Ardhi, mtu mnene wa mwili na wa maneno, alinyanyuka kwenye kiti kwa uchungu wa kizalendo. "Imeshuka? Katika Jamhuri ya Mwinuko? Sikilizeni, ndugu wananchi. Ardhi yenu haijashuka hata kidogo. Ni nchi nzima iliyopanda! Wenzenu wote wamepanda na maendeleo, ninyi mmezubaa, mmebaki pale pale. Sasa badala ya kuona haya, mnakuja kulalamika?"

Wakarudi nyumbani wameona haya. Amri ikatoka kwamba Makaani isiitwe shimo wala bonde. Jina lake la kiserikali likawa "tambarare yenye unyenyekevu." Waliomba wahamie Kilima cha Kunguru, kilichokuwa hapo ubavuni, kitupu, hakina hata kunguru. Wakajibiwa kwamba anayehama kutoka tambarare kwenda kwingine bila sababu ni mzururaji. Walinzi wakawekwa kilimani kuzuia uzururaji.

*

Sasa tuje kwenye mto. Mto Bubujo ni mto wa taifa, na kila masika una tabia ya kuingia Jiji Kuu bila miadi. Wizara haikulala. Iliuonya mto redioni. Iliweka vibao kando ya barabara vilivyoandikwa MAJI HAYARUHUSIWI KUPITA HAPA, na maji yalipokuja yakavibeba vibao vyenyewe, yakapita navyo mtaa kwa mtaa. Wananchi waliokaa juu ya mapaa wakavisoma na kufarijika kwamba serikali iko kazini.

Mwaka ule, hata hivyo, mto ulivuka mpaka. Uliingia Ikulu. Ulipanda ngazi, ukafungua kabati la Mtukufu Rais, ukachukua kiatu chake cha kushoto, ukaondoka nacho. Kiatu kilionekana sokoni kikielea kwa adabu, na kila kilipopita watu walisimama wima. Askari wa pikipiki walitaka kukisindikiza, wakazama.

Kikao cha dharura kikaitwa. Mtukufu Rais alikaa na kiatu kimoja, na kila mtu aliuangalia ule mguu mwingine kisha akaangalia dari. Akasimama Injinia Kalunde, dada mwembamba aliyesomea mito, ambaye alikuwa na kasoro moja tu: alikuwa akijibu alichoulizwa.

"Tuchimbe mfereji kutoka mtoni mpaka Makaani," alisema. "Tuweke lango. Mto ukifurika tunafungua, maji ya ziada yanaingia kwenye lile shimo, yanatulia humo. Kiangazi tunayatoa polepole, wakulima wanamwagilia. Jiji Kuu linabaki kavu."

Alipotamka "shimo," mawaziri watatu waliinama kufunga kamba za viatu. Waziri Lukwambe akatabasamu kwa huruma. "Binti yangu, wazo lako ni tamu. Lakini nchi hii haina shimo."

"Basi maji yatakaa wapi, Mheshimiwa?"

Kule nje mto ulisikika ukifungua milango mingine. Mtukufu Rais akauliza kwa sauti ndogo, "Na kiatu changu?"

Hapo ndipo nilipoona kwa nini wengine ni mawaziri na wengine tunashika vipaza sauti. Mheshimiwa Lukwambe alifumba macho, jasho likamtoka, kisha akafumbua. "Kwa maji," alisema, "Makaani ni bonde. Kwa watu, ni tambarare."

Weee! Makofi yaliyopigwa pale, mpaka chokaa ikadondoka. Azimio likapitishwa palepale. Injinia peke yake ndiye hakupiga makofi. "Na watu wanaoishi mle ndani?"

"Ndani ya wapi?" Waziri alishangaa kweli kweli. "Wale wanaishi tambarare. Mtu wa tambarare tumhamishe kwa sababu gani?"

*

Mfereji ukachimbwa haraka, lango la chuma likasimikwa juu kwenye ukingo wa Makaani. Masika mengine yalikuwa karibu. Injinia Kalunde alikuja akawaeleza watu ukweli, na ilikuwa ukweli mbaya: lango likifunguliwa, maji yataingia majumbani mwao na hayatatoka mpaka kiangazi. Kilimani walinzi wanawasubiri na virungu. Alisema hayo akilia, na mimi nilikuwa hapo nikila maharage, nikaacha kutafuna kidogo kwa heshima.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Kwa hiyo sisi tumekuwa nini? Samaki?" Sikudhani swali lile lingeniuma, ila liliniuma.

Bi Havijawa aliendelea kukoroga. Halafu akanigeukia. "Chereko, mwanangu. Hebu niambie wewe unayeishi na wakubwa. Kitu cha serikali kinaweza kuanza kazi kabla hakijafunguliwa na mgeni rasmi?"

Karibu nipaliwe. "Astaghafirullahi, mama! Haiwezekani! Kile kisima cha Mlembuli kina maji matamu toka enzi, lakini utepe haujakatwa. Watu wanakizunguka na ndoo zao, wanakwenda kuteka dimbwini. Nchi ina utaratibu!"

"Na mgeni rasmi jukwaa lake linajengwa wapi?"

"Katikati ya wananchi, mahali tambarare. Ndiyo kanuni ya kwanza ya itifaki."

"Ehee. Na akisema neno kwenye kipaza sauti?"

"Linakuwa tamko, mama. Likishatoka halirudi. Kule Sangabale mgeni rasmi alikwamwa na mwiba wa samaki, akapiga kelele 'Maji! Maji!' na kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Wilaya nzima ikavutiwa mabomba. Mpaka leo wanauombea dua ule mwiba."

Bi Havijawa akaonja maharage, akaongeza chumvi. Aliniangalia vile anavyoniangalia nikiwa nimeomba mchuzi wa bure. "Basi mwanangu, mwambie Mheshimiwa kwamba wananchi wa Makaani wana shauku. Wanataka mgeni rasmi. Aje awafungulie lango lao akiwa hapa hapa, katikati yao."

Nilifurahi mpaka nikabusu mwiko. Watu wenye masaibu yao, bado wanaikumbuka itifaki! Nilikwenda mjini mbio kupeleka habari.

*

Maafisa itifaki walitangulia kutafuta mahali pa jukwaa. Mmoja wao, mgeni kazini, alisema, "Tuliweke kule juu, ni salama zaidi." Wenzake wakamtazama. "Kule wapi?" Akasema tena, "Juu." Hatujamwona toka siku hiyo, ila tunasikia anaendelea vizuri. Jukwaa likajengwa katikati kabisa, chini kabisa, yaani tambarare kabisa, pale ambapo sufuria lilikuwa halimwagiki upande wowote kwa kuwa pande zote zilikuwa juu yake.

Zulia jekundu halikuhitaji kutandikwa. Waliliweka tu pale ukingoni, likajikunjua lenyewe mpaka jukwaani, na likagonga watu wawili. Magari ya msafara nayo yalikuja vivyo hivyo, maana madereva walikatazwa kukanyaga breki. Kwenye tambarare breki za nini? Naibu Waziri aliwasili kabla ya gari lake kusimama, akapita jukwaani kwa kasi, akatokea upande wa pili, akarudi mwenyewe akipunga mkono.

Bi Havijawa alikuwa amepanga mapokezi kwa ustadi ambao sikuuelewa, nikausifia tu. Vikongwe, wagonjwa na watoto wote aliwafanya kwaya, akawapeleka kilimani, kwa sababu, aliniambia, kwaya ya Makaani inasikika vizuri ikiwa mbali. Walinzi walitaka kuwazuia. Lakini ni mlinzi gani atakayerudisha kwaya ya mgeni rasmi? Wakawapisha. Kwaya ilipanda na ala zake za muziki, nazo zilikuwa vitanda, magodoro, masufuria, kuku na cherehani mbili. Sijapata kuona kwaya yenye ala nyingi kiasi kile. Watu wazima wenye nguvu ndio waliobaki chini, wamekaa kwenye mabenchi ya mbele, wamevaa kaptula.

Mheshimiwa alichelewa, kama inavyotakiwa. Mawingu yalikuwa yamejaa huko juu mtoni na radi inapiga. Utepe ulifungwa kutoka kwenye meza yake ukapanda mpaka langoni, na ukikatwa, Injinia Kalunde angefungua. Nilimsikia akimnong'oneza Bi Havijawa, "Mama, nitafungua upenyo mdogo tu. Ukinipungia kanga, nafunga." Nikadhani wanazungumzia mambo ya kina mama.

Kwa desturi yetu mgeni hukata utepe kwanza, ndipo ahutubie, ili hotuba isikatishwe na kazi. Mkasi ukaletwa kwenye mto wa hariri. Kacha! Nikapaza sauti, "Makofi tafadhali!" Redio ya Taifa ilikuwa ikirusha moja kwa moja.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Maadui zetu wanasema Makaani ni shimo. Niangalieni mimi. Je, ninyi mnamwona mtu aliye shimoni?"

"Hapanaaa!" watu wakaitikia, na kwaya kule kilimani ikaitikia, ikisikika kutoka juu sana.

Maji yaliingia taratibu, ya rangi ya chai. Yakagusa viatu vya Mheshimiwa. Hakuna afisa aliyethubutu kuyaona, maana kuyaona ni kukiri yametoka mahali pa juu. Naibu Waziri alipanda juu ya kiti kwa heshima. Meza kuu ikaanza kuzunguka polepole na chupa za soda juu yake. Maji yalipofika magotini, Bi Havijawa, aliyesimama hapo na sufuria lake kubwa la maharage, akainama kwa adabu.

"Mheshimiwa, samahani. Naona miguu yako imelowa."

"Ni jasho, mama. Jasho la kuwatumikia."

"Pole, baba. Basi umetumika."

Hotuba ikaendelea. Akataja shule, akataja barabara. Maji yakafika kwenye mkanda, kisha kwenye nishani. Kurasa za hotuba zikaelea, naye akawa anasoma ile inayopita karibu, hata tukajikuta tumefungua kiwanda cha sukari. Mimi nilikuwa nimekiinua kipaza sauti mdomoni pake, kwa sababu kanuni ya pili ya itifaki ni hiyo: dunia ipasuke, kipaza sauti hakitoki mdomoni mwa mgeni rasmi.

Maji yalipogusa kidevu chake, Mheshimiwa aligeuka kushoto, akageuka kulia, macho yamemtoka. "Nikimbilie wapi?" alininong'oneza. Mnong'ono ukasikika taifa zima.

Bi Havijawa ndiye aliyejibu, ametulia tuli, sufuria kichwani. "Popote, Mheshimiwa. Si ni tambarare?"

"Tambarare gani, mama!" alilipuka. Alilia kama mtoto anayeogeshwa. "Hili ni shimo! Shimo! Shimo kubwa! Shirika limechimba, pameshuka, mimi mwenyewe nimekuwa nikijua! Hapafai kukaa mtu! Watu wote wa humu wapandishwe kilimani leo hii, wajengewe huko, upesi, upesi, jamani, nakufa!"

Mabibi na mabwana, nimeshereheshea mengi, lakini sijawahi kusikia tamko lililonyooka namna ile. Lilikuwa na kosa, lina mkosaji, lina agizo na lina muda. Mwili ulinisisimka. "Makofi tafadhali!" nikapiga kelele, na watu wa Makaani wakapiga makofi ndani ya maji, maji yakaruka, vigelegele vikatoka kilimani, mama yule mwenye mtoto akicheka na kulia kwa pamoja. Bi Havijawa akapunga kanga. Lango likafungwa.

Mheshimiwa Waziri hakujua kuogelea, kwa kuwa kuogelea huanzia kwa kwenda chini. Bi Havijawa akawagawia watu maharage yaliyobaki, akalisafisha sufuria, wakamweka Mheshimiwa ndani, wakalisukuma mpaka ukingoni. Alikaa humo ameshika mikono ya sufuria, na alipompita kila mwananchi alipunga mkono. Ni kiongozi aliyezaliwa.

*

Tamko ni tamko. Walinzi walewale wa kilimani walipewa nyundo badala ya virungu, na nyumba za Makaani Mpya zikasimama kabla maji hayajakauka kwenye suti ya Mheshimiwa. Msemaji wa serikali akaeleza kwamba wananchi wa Makaani hatimaye wameacha uzembe, wamepanda kama wenzao. Lango likafunguliwa lote, sasa bila mtu chini yake, na Mto Bubujo ukageuka ukaingia shimoni ukalijaza, likawa ziwa. Jiji Kuu likawa kavu. Kiatu cha Mtukufu Rais kilitokea ziwani pale, kikavuliwa na wavuvi, kikapokelewa kwa gwaride.

Mheshimiwa Lukwambe alipandishwa cheo, akawa Waziri wa Mashimo. Sasa kila wilaya inataka shimo lake. Juzi nilishereheshea wilaya moja iliyo tambarare kweli kweli, wamepeleka ujumbe kulalamika kwamba serikali inawabagua. Injinia Kalunde alipewa ruhusa ya kupumzika, na akiuliza itaisha lini, anaambiwa asiwe na haraka.

Mimi huenda Makaani Mpya kila nikipata nafasi. Nilikwenda jana. Upepo mzuri, ziwa linang'aa kule chini, yaani kule pengine. Njiani nililiona kundi la watu wa Shirika la Makaa la Taifa wamepiga hema upande wa nyuma wa kilima, wana mashine mpya, wana furaha. Nasikia chini ya Kilima cha Kunguru kuna makaa mazuri kushinda yale ya zamani. Nikawapungia mkono, maana maendeleo ni ya wote.

Bi Havijawa alinikaribisha jikoni. Tulikaa tukipiga soga, anacheka, anataja nani kaoa na nani kaachika, na maharage yanatokota. Mara nikasikia tsss. Povu limemwagika motoni. Akayasogeza mafiga, akaweka kijiwe chini ya moja. Tukasubiri. Likamwagika tena, upande uleule.

Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akachukua mwiko, akaanza kukoroga.

"Chereko, mwanangu," alisema. "Hivi Mheshimiwa anapenda maharage ya nazi, au ya kukaanga?"

Nikamwambia ya nazi.